Njombe hadi Makambako: Umbali wa Barabara na Umbali wa Angani

Abiria apandaye basi mjini Njombe kwenda Makambako husafiri kilometa 60 hivi, naye hufika baada ya muda wa saa moja au zaidi kidogo. Je, ndege ingetumia dakika ngapi? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: urefu wa njia, umbali ulionyoka, na muda wa safari.

Umbali ulionyoka hupatikana kwa ramani. Njombe iko karibu na latitudo 9°20′ Kusini na longitudo 34°46′ Mashariki. Makambako ni 8°51′ na 34°50′. Miji hii, basi, karibu imepangwa juu ya mstari mmoja uendao kaskazini na kusini, na hapo hesabu huwa nyepesi, kwani dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani kilometa 1.852. Tofauti ni dakika 29. Mwanafunzi akizidisha atapata kilometa 54 hivi. Ile tofauti ndogo ya longitudo haiongezi hata kilometa moja, na mwenye kutilia shaka aipime kwa kanuni ya Pythagoras.

Barabara imezidi kwa kilometa 6 tu kwa sababu hupita juu ya uwanda wa nyanda za juu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, haikupata bahati hiyo. Kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, hadi Makambako ni kama kilometa 110 kwa mstari ulionyoka, lakini reli yenyewe imezidi 150. Treni haiwezi kupanda mteremko mkali. Hapana budi izunguke au ipenye milima kwa mahandaki.

Sasa ndege. Jeti iendayo kilometa 900 kwa saa ingemaliza kilometa 54 kwa dakika 3.6. Hesabu ni sahihi, bali safari haiwezekani: jeti ingekuwa bado inapanda, wala haijafikia mwendo huo. Ndege ndogo ya kilometa 200 kwa saa ingehitaji dakika 16. Upepo wa mbele wa kilometa 40 kwa saa ungezifanya 20, na wakati wa kurudi upepo huohuo ungezipunguza kuwa 13 na nusu. Wengi hudhani kwamba hasara na faida hizo hufutana. Sivyo: kwenda na kurudi ni karibu dakika 34 badala ya 32, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipambana na upepo kuliko ikisaidiwa nao. Tena Njombe iko zaidi ya meta 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka.

Tofauti hizi zina uzito pale mgonjwa mahututi anapohitaji kusafirishwa. Kumfikisha uwanjani, kumpakia, kukagua ndege na kupasha injini moto huweza kuchukua muda kuliko kuruka kwenyewe. Kwa Makambako, gari litatangulia. Kwa Dar es Salaam mambo hugeuka. Barabara ni kama kilometa 700, safari ya kutwa nzima. Angani ni kama 570, na ndege ileile ndogo huzimaliza kwa muda usiofika saa tatu.