Sala ya Toba Si Dawa ya Hofu

"Mchungaji, nikifa usiku kabla sijatubu hasira ya leo, naenda wapi?" Kila baada ya mkutano wa injili swali ni hilo, na muulizaji mara nyingi ni yule yule aliyepita mbele mwaka jana na mwaka juzi, akaongozwa sala ya toba.

Swali lenyewe limekosewa. Linadhani kila dhambi hukata wokovu na dawa yake ni kuokoka upya. Wanaofundisha hivyo hushika Waebrania 6:4-6. Someni basi mpaka mwisho! Pameandikwa kwamba haiwezekani walioanguka hivyo kufanywa upya tena hata wakatubu. Kama hiyo ni habari ya kila muumini aliyekasirika, hakuna sala ya pili, sembuse ya kumi. Andiko wanalolitegemea ndilo linalowanyima dawa wanayoigawa. Linamwonya anayeipa imani kisogo moja kwa moja.

Petro alimkana Bwana mara tatu. Katika Yohana 21 Yesu anamuuliza kama anampenda, kisha anamkabidhi kondoo, hamrudishi mwanzo. Mtoto aliyemkosea baba huomba radhi, haombi kuzaliwa tena.

Wala msiniambie hayo ni ya Wakalvini tu. Kweli, Sinodi yao ya Dort, 1618–1619, ilifundisha kwamba Mungu huwalinda walio wake hata wakianguka vibaya kama Daudi na Petro. Mhubiri John Wesley alilikataa fundisho hilo, akiamini mtu aweza kuiacha imani na kupotea. Lakini uhakika wake aliupata London, 24 Mei 1738, akisikiliza tu utangulizi wa Luther wa Waraka kwa Warumi ukisomwa. Hakuongozwa sala yoyote.

Ukiirudia sala ya toba kila mara, utaishia kujipima kama safari hii umemaanisha vya kutosha, na jibu halitakuja. Aliyeahidi katika Yohana 10:28 kwamba walio wake hawatapotea ni Kristo, mtazame yeye.

Ufanye nini? Soma 1 Yohana yote kwa mkupuo mmoja. Ungama dhambi kwa kuitaja jina, rudisha ulichoiba, njoo Meza ya Bwana. Ukiwa unaishi na nyumba ndogo huku ukijisifu umeokoka, waraka huo utakushtua, na ushtuke. Hofu ikikunyima usingizi wiki hadi wiki, mwone na daktari.

Nanyi wahubiri, acheni kuwahesabu watu wale wale kuwa waongofu wapya.