Leseni Ya Windows Katika Kompyuta Uliyonunua: Ni Haki Yako Au Ya Mwingine?





Swali hili linatufikia mara kwa mara kutoka kwa wanafunzi, walimu wa madrasa na ndugu wenye maduka ya steshenari. Mtu amenunua laptopu iliyotumika ikiwa na Windows ndani yake. Siku moja kwenye kona ya kioo yanatokea maandishi kuwa Windows haijaamilishwa. Anaipeleka kwa fundi, analipa, maandishi yanaondoka. Baada ya miezi sita yanarudi yale yale. Anauliza: je, ninatumia kitu cha wizi? Na ile pesa niliyompa fundi ilikuwa ya nini?

Wengi wanataka jibu la neno moja, halali au haramu. Lakini hukumu ya jambo hufuata kulifahamu, na hapa kulifahamu kuna faida ambayo muulizaji hakuitarajia: mara nyingi leseni halali anayo tayari. Ilikwisha kulipiwa kiwandani, imo ndani ya kompyuta yake, na hajui.

Unapolipia Windows huinunui programu yenyewe, unanunua ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Ufunguo ni alama yake: herufi na namba 25 zilizogawanywa makundi matano. Kuamilisha, au kuaktiveti kama wasemavyo mafundi, ni kule kompyuta kuthibitisha kwa mwenye programu kwamba ruhusa ipo na inatumika mahali pake.

Leseni hizo ziko za namna tatu. Ya dukani hununuliwa peke yake, na mwenyewe anaweza kuihamishia kompyuta nyingine akiitoa kwenye ile ya kwanza. Ya mashirika hupewa kampuni, vyuo na ofisi kwa ajili ya mashine zao nyingi. Ya kiwandani huja na kompyuta mpya, hufungamana na mashine ile ile, na mashine ikiuzwa huenda nayo kwa mnunuzi. Hii ya mwisho ndiyo inayowahusu wengi wetu, basi tuikalie kidogo.

Zama za Windows XP hadi Windows 7, kompyuta zilibandikwa karatasi ndogo chini au ubavuni yenye ufunguo wake. Nyingi tunazokutana nazo zimefutika kwa jasho na mikono, hazisomeki tena. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, viwanda viliacha kuandika ufunguo kwenye karatasi, vikauweka ndani ya chipu ya ubao mama, yaani madabodi. Hapo haufutiki kwa kupiga fomati wala kwa kubadilisha diski. Ukiweka upya Windows ya aina ile ile iliyokuja na mashine, yenyewe inausoma ufunguo huo, na ikipata intaneti inaamilika bila mtu kuandika chochote wala kulipa shilingi.

Sasa, kwa nini basi inakataa? Sababu tunayoiona sana ni kwamba mashine ilikuja na leseni ya Windows Home, na flashi ya fundi imeandaliwa kuweka Pro kwa kila kompyuta inayoingia dukani. Ufunguo wa Home hauifungui Pro. Windows inalalamika, na fundi badala ya kurudisha Home anaweka kraki. Basi mteja ameondolewa haki yake ya halali, akawekewa ya haramu, na juu yake ametozwa! Hatusemi mafundi wote wanafanya hivyo kwa makusudi; wengi walifundishwa hivyo tu na waliowatangulia.

Hali ya pili ni kompyuta zilizotoka maofisini Ulaya na kwingineko. Ofisi kubwa huweka Windows ya leseni ya mashirika juu ya ile ya kiwandani. Leseni ile ni ya ofisi, haisafiri na mashine hadi Kariakoo wala Mombasa. Lakini ufunguo wa kiwandani, mara nyingi wa Pro, bado umo ndani ya chipu. Kinachohitajika ni kuweka upya aina inayolingana nao.

Na ile miezi sita? Leseni ya mashirika huhuishwa kwa kuwasiliana na kompyuta kuu ya shirika, na kila uthibitisho hudumu siku 180. Kraki nyingi zinafanya uigizaji: zinaidanganya Windows kuwa imezungumza na kompyuta kuu ya shirika ambalo halipo. Siku 180 zikiisha, uongo unahitaji kurudiwa. Tena kraki hizi kwa kawaida hutaka uzime kwanza kinga ya virusi, na wangapi wamefungua mlango huo wakaingiziwa programu za kuiba nywila na pesa zao.

Anayetaka kujua hali ya mashine yake abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, aandike slmgr /dli, kisha abonyeze Enter. Katika maelezo yatakayotokea, neno OEM ni leseni ya kiwandani, RETAIL ni ya dukani, na VOLUME ni ya mashirika. Ukiandika slmgr /xpr utaambiwa kama uamilisho ni wa kudumu au una tarehe ya kuisha. Laptopu ya nyumbani ikionyesha VOLUME na tarehe ya kuisha, hapo pana shaka kubwa. Lakini zipo kraki zinazoonyesha uamilisho wa kudumu pia, basi vipimo hivi ni dalili, si ushahidi kamili.

Ama hukumu: Majma' al-Fiqh al-Islaamiy ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1409H (Disemba 1988), ilipitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, zina thamani katika shari'ah, na haijuzu kuzivamia. Yapo pia maamrisho ya kutimiza mikataba mwanzoni mwa Suuratul-Maaidah, na Hadiyth mashuhuri inayowafunga Waislamu na masharti yao. Wapo katika wanachuoni waliotoa nafasi finyu kwa anayenakili kwa haja yake binafsi. Sisi tunaona salama ya Dini ni kujiepusha, na hiyo nafasi finyu haimfikii anayeifanya biashara.

Kwa hiyo fundi anayeweka kraki kwa malipo, ujira wake huo haumfalii. Akimwambia mteja kuwa ni leseni halisi, ameongeza ghushi. Tunajua kisa cha muuza chakula sokoni Madiynah: Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliingiza mkono ndani ya rundo akakuta unyevu, akamkemea kwa kutouweka juu watu wauone. Muuza kompyuta naye aweke unyevu juu: aseme wazi kama Windows iliyomo ni ya kiwandani au la.

Mnunuzi ambaye hakujua hana dhambi kwa aliyoyafanya kabla ya kujua. Ikiwa aliuziwa kwa sharti la Windows halisi na ikabainika sivyo, hiyo ni aibu katika bidhaa, naye ana khiyari ya kurudisha. Mishahara na kazi za halali alizofanya kwa mashine hiyo hazigeuki kuwa haramu, kwani malipo yalikuwa ya jasho lake.

Funguo zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya soda, tahadhari nazo. Nyingi ni za mashirika zilizovuja, au za mashine nyingine. Muuzaji anauza asichokimiliki, na Microsoft inaweza kuzifuta wakati wowote.

Akijua sasa, amwendee fundi na maneno haya: nakili mafaili yangu, niwekee aina ile ile iliyokuja na mashine. Hiyo ni kazi ya halali na ujira wake ni halali. Madabodi ikiwa ilibadilishwa, au mashine haikuwa na leseni tangu awali, anunue leseni au aweke Linux kama Ubuntu, ambayo wenyewe wameitoa bure. Na kwa kuandika barua, mitihani ya madrasa na hesabu za msikiti, LibreOffice inatosha, nayo ni bure pia. Maana Office inayokutwa kwenye laptopu mpya mara nyingi ni ya majaribio tu, muda wake ukiisha inafunga.

Na Allaah Anajua zaidi.