Je, wajua? Kosa la mtambo lina bei, kovu la nyundo halina

Kuanzia Kambarage, Shinyanga mjini, hadi machimbo ya Geita, hakosekani dalali anayedai kumjua mnunuzi wa rupia ya Mjerumani. Mnunuzi mwenyewe haonekani, ila nauli yake hudaiwa mapema. Siku hizi dalali huyo ana maneno mapya: anatafuta sarafu "zenye kasoro". Hapa ana ukweli kidogo, maana wakusanyaji wa sarafu duniani hulipia kasoro. Lakini hulipia ile tu iliyotokea ndani ya kiwanda.

Sarafu huanzia kwenye ukanda wa bati nene. Mashine hutoboa visahani kutoka kwenye ukanda huo, nyingine huvibana pembeni ili ukingo uinuke, kisha kila kisahani hugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Kila hatua ina makosa yake. Ukanda usiposogea vya kutosha, kikato hurudia sehemu iliyokwisha kutobolewa, na kisahani hutoka kimemegwa kama mwezi mwandamo. Kisahani kikikaa upande, picha huangukia pembeni na sehemu nyingine hubaki tupu. Muhuri ukilegea na kuzunguka, picha za pande mbili huachana: mshike Mwalimu Nyerere wa kwenye sarafu kichwa juu kwa vidole viwili, mmoja juu na mwingine chini, izungushe sarafu kama mlango, utakuta upande wa pili umelala au umepinduka. Linganisha na mwenzake wa mwaka uleule kabla hujashangilia.

Iliyomegwa ndiyo inayodanganya wengi, kwa kuwa tupa ya fundi baiskeli huimega vilevile. Dawa yake ni kutazama ng'ambo ya pengo. Kisahani kilichozaliwa na pengo, kikipita kwenye mashine ya ukingo, hukosa mbano upande unaoelekeana na pengo hilo, hivyo ukingo wa huko hutoka hafifu au hautoki kabisa. Wataalamu huiita athari ya Blakesley. Kwenye iliyokatwa kwa tupa, ukingo wa ng'ambo uko imara kama kawaida.

Kanda ya dhahabu ina mtego wake: tindikali. Shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli. Ikilowekwa kwenye tindikali ya sonara rangi hubadilika, na mwenye nayo huapa kuwa kiwanda kilisahau kuipaka. Itazame kwa kioo cha kukuzia: herufi zimekonda, uso una vishimo, na mizani husema imepungua. Zilizolazwa kwenye reli ili treni izikanyage hata hazihitaji kioo.

Kosa linalopendwa zaidi ni ndoa ya mihuri isiyo ya sarafu moja. Mwaka 1936 kiwanda cha Heaton, Birmingham, kilizitengenezea sarafu Afrika Mashariki na Afrika Magharibi ya Kiingereza, zote na tundu katikati, kwa jina la Edward VIII, mfalme aliyeachia kiti Desemba mwaka huohuo. Muhuri wa senti kumi zetu ukaingia kwenye kazi ya peni ya Afrika Magharibi. Ikatoka sarafu ambayo upande mmoja inajiita senti kumi na upande wa pili ni ya eneo lisilotumia senti.

Lakini kwa mtu wa Shinyanga, sarafu ya kuota ni ile ya Tabora, hata bila kosa. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia Wajerumani bahari, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ya Sekenke, huko Iramba, ikagongwa kuwa rupia 15 zenye tembo mbele ya mlima. Zilitoka 16,198 tu, na Septemba Wabelgiji wakauteka mji. Karakana hiyohiyo iligonga heller 20 za shaba, na mihuri ilipobadilishwa taji likatoka kubwa hapa, dogo pale. Hizo ni tofauti za muhuri tu, hazihesabiwi kuwa makosa, na wakusanyaji huzitenganisha. Hata rupia 15 zina aina mbili, kwa ukubwa wa pambo lake: zenye pambo kubwa ni 6,395, zenye dogo 9,803.

Rupia 15 za bandia ni nyingi. Anza na mizani: halali ina gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu. Iliyomiminwa kwenye kalibu huonyesha vitundu vya hewa na herufi zilizofura. Kwa sonara inahesabika gramu 5.4 hivi za dhahabu tupu, basi. Kwenye mnada mkusanyaji hulipa juu ya hapo mara kadhaa, iwapo haijaguswa. Ukiisugua kwa majivu na ndimu ing'ae, umeshaikata bei kabla ya mnunuzi kuiona.