Zao, Badiliko na Uwajibikaji: Istilahi za Usimamizi wa Miradi Katika Kambi ya Dzaleka

Makala hii inafafanua tatizo la istilahi linalovikabili vikundi vya wakimbizi vinavyoendesha miradi katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi. Kambi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ina wakazi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili huwaunganisha wengi miongoni mwao, ilhali maombi ya fedha, mikataba na taarifa za miradi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Hivyo kikundi hujadiliana kwa Kiswahili, kisha hujifunga kwa Kiingereza.

Sera huongeza uzito wa maandishi hayo. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ilikataa kufungwa na baadhi ya vifungu, vikiwamo vya ajira na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini. Kwa hiyo, ingawa Lilongwe na mitaa yake kama Area 49 haiko mbali, mkimbizi hawezi kwenda huko apendavyo kumfafanulia mfadhili alichokusudia. Hati ndiyo humsemea.

Aghalabu hudhaniwa kwamba Kiswahili kimepungukiwa na maneno ya fani hii. Sivyo. Mradi, mdau, mnufaika, mrejesho, ufuatiliaji na tathmini ni maneno yaliyozoeleka. Wala uwezo wa kuratibu watu haukosekani: Tamasha la Tumaini, lililoanza kambini humo mwaka 2014, ni ushahidi tosha. Ugumu hutokea pale Kiingereza kinapotenga dhana ambazo Kiswahili huzibeba kwa neno moja.

Mfano wa kwanza ni "output" na "outcome", ambayo yote hufasiriwa kuwa matokeo. Kikundi kinachofundisha ushonaji kinaweza kuahidi idadi ya wahitimu; hilo ni zao la kazi yake. Kipato cha wahitimu hao ni badiliko linalotegemea pia soko na sheria za ajira. Dhana hizo zikichanganywa, kikundi huahidi kipato pale kilipokusudia kuahidi mafunzo, kisha huhesabiwa kuwa kimeshindwa.

Mfano wa pili ni tofauti kati ya "responsible" na "accountable". La kwanza humhusu atendaye kazi. La pili humhusu atakayetoa hesabu ya kazi hiyo. Kitenzi kuwajibika hubeba maana zote mbili, na katika siasa za Tanzania huweza hata kumaanisha kujiuzulu. Fedha zinapopungua, kila mmoja hudai kwamba aliyepaswa kujibu ni mwenzake.

Mfano wa tatu ni "risk". Neno hatari humfanya msikilizaji afikirie janga lililokaribia, ilhali mpango wa mradi huhitaji kutaja jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Utumishi wa umma nchini Tanzania hutumia neno kihatarishi; lakini kwa mzungumzaji aliyesoma kwa Kifaransa huko Kivu au Bujumbura, istilahi hiyo yaweza kuwa ngeni sawa na ya Kiingereza. Usanifishaji pekee, basi, hautoshi.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kabla ya kujaza fomu yoyote, kikundi kikubaliane kwa sentensi kamili za Kiswahili: nani atatenda, nani atatoa hesabu, na lipi limo ndani ya uwezo wake. Pili, faharasa za mafunzo ziandaliwe kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, zikieleza dhana kwa mifano. Tatu, wafadhili wakubali nakala ya Kiswahili iambatishwe kwenye mkataba na irejelewe panapozuka utata. Anayetakiwa kutimiza ahadi ana haki ya kuielewa kabla ya kuitia sahihi.