Je, Wajua? Saini za Wazazi
Watoto wa kwanza duniani kuzaliwa na jeni zilizohaririwa ni mapacha wa kike wa China, waliotangazwa na mtafiti He Jiankui Novemba 2018. Alilenga jeni ya CCR5, inayotengeneza protini ambayo VVU huishika ili kuingia katika seli nyeupe za damu. Akina baba walioshiriki katika utafiti wake walikuwa wanaishi na VVU. Fomu ya ridhaa iliuita utafiti huo mradi wa chanjo ya UKIMWI, ilhali chanjo haikuwapo. Iliwaondolea watafiti dhima endapo jeni nyingine zingeguswa kimakosa, na wazazi ambao wangejitoa katikati walitakiwa kurudisha gharama. Ridhaa ya namna hiyo ni saini tu. Wala uhariri haukuhitajika: kusafisha shahawa kabla ya kupandikiza mimba hutosha kuzuia maambukizi kutoka kwa baba. Watoto wenyewe, pamoja na uzao wao utakaorithi mabadiliko hayo, hawangeweza kuulizwa. Desemba 2019, mahakama mjini Shenzhen ilimhukumu He kifungo cha miaka 3 na faini ya yuan milioni 3.