Aliyeokoka akianguka, wokovu wake huenda wapi?

Juma lililopita nilikuwa msibani. Tulipokwisha kuzika, mama wa marehemu aliniita kando chini ya mwembe, akaniuliza jambo ambalo alidhani mtu wa redio hawezi kukosa jibu lake. Mwanawe aliokoka akiwa na miaka 19. Akabatizwa, akaimba kwaya, akahubiri hata ndani ya daladala. Baadaye akaacha ibada, akashika chupa, akatengwa, na mauti ikamkuta hajarudi kundini. Mchungaji hakuja kuzika. Wazee wa mtaa ndio walioongoza sala. "Mwanangu," mama akaniuliza, "ule wokovu wake ulikwenda wapi?"

Mimi si mchungaji. Lakini swali hili halikuanzia kwenye mikutano ya Jangwani, wala kwa walokole wa Gahini kule Rwanda. Wakristo wamelibishania kwa zaidi ya miaka 1,700, na mabishano ya mwanzo makubwa kabisa yalifanyika hapa hapa Afrika.

Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu wote watoe kafara kwa miungu mbele ya tume, kisha wapewe cheti. Baadhi ya vyeti hivyo vimechimbuliwa Misri, vimeandikwa juu ya mafunjo. Katika mji wa Carthage, kwenye pwani ya Tunisia ya leo, Wakristo wengi walikwenda kutoa kafara. Wengine walihonga wakapata cheti bila kugusa uvumba. Rushwa, kama mnavyoona, haikuzaliwa jana. Askofu wao, Cyprian, alijificha, na alilaumiwa sana kwa hilo. Mwaka 251 tufani ilipotulia, waliokana walirudi mlangoni wakilia.

Huko Roma kasisi Novatian alisema wasifunguliwe: aliyeikana imani aachiwe Mungu, Kanisa halina la kumfanyia. Maaskofu wa Afrika walikutana Carthage wakaamua vingine. Wenye vyeti vya hongo wapokewe baada ya shauri la kila mmoja kuchunguzwa. Waliotoa kafara watubu kwa muda mrefu, na wakiwa mahututi wasinyimwe amani ya Kanisa. Haukupita muda mrefu, dalili za mateso mapya zikaonekana, na maaskofu wakawapokea wote waliokuwa katika toba, kwa hoja kwamba askari hapelekwi vitani bila silaha. Cyprian mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Angalieni walichobishania. Kwamba muumini aweza kuanguka walikuwa wamekwisha kuliona kwa macho yao. Ugomvi ulikuwa kama aliyeanguka aweza kuinuliwa.

Swali la mama liliiva baadaye sana, Uholanzi. Mwaka 1610 wafuasi wa Jacobus Arminius, aliyefariki mwaka uliotangulia, waliandika kwamba kama mwamini wa kweli aweza kuupoteza wokovu ni jambo la kuchunguzwa zaidi katika Maandiko. Sinodi ya Dort, iliyokutana mwaka 1618 na 1619, ikajibu kwamba la hasha, aliyeteuliwa na Mungu hulindwa mpaka mwisho. Wachungaji wapatao 200 wa upande ulioshindwa walifukuzwa kazi.

Kila upande una aya zake. Wa Dort watakufungulia Yohana sura ya 10, ambapo Yesu anaahidi kwamba hakuna atakayewapokonya kondoo wake mkononi mwake. Wapinzani wao watakupeleka Waebrania sura ya 6, inayosema ni muhali kuwarejesha tena katika toba watu walioonja kipawa cha mbinguni wakaanguka. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na sijaona njia rahisi ya kuikwepa. Wako wanaosema ni onyo tu, kama bango la hatari barabarani. Lakini bango halisimikwi mahali ambapo gari haliwezi kupinduka.

Makanisa yetu yamerithi yote haya. Wapresbiteri, na Wabaptisti wengi, wako upande wa Dort. Walutheri, kwa Ungamo lao la Augsburg la mwaka 1530, wanakubali kwamba aliyehesabiwa haki aweza kumpoteza Roho Mtakatifu, na kwamba akitubu husamehewa. Wamethodisti wanamfuata John Wesley, aliyefundisha hivyo hivyo. Wakatoliki, tangu Mtaguso wa Trento mwaka 1547, husema dhambi ya mauti huondoa neema, na Kitubio huirudisha. Lakini Kanisa hilo halijapata kumtaja marehemu yeyote kwa jina na kusema yuko motoni.

Sasa turudi kaburini. Wa upande mmoja atamwambia mama: mwanao aliupata wokovu akaupoteza. Wa upande wa pili atamwambia: hakuupata kamwe, zile nyimbo na mahubiri yalikuwa makapi. Sijui ni lipi kati ya haya linaloumiza zaidi. Lakini wa Dort hao hao waliandika kwamba mteule aweza kuanguka vibaya sana kwa muda, wakatoa mfano wa Daudi na Petro. Na wa upande wa pili hawajasema kwamba mlango hufungwa siku mtu anapotengwa. Kutengwa ni adabu ya kanisa kwa aliye hai, ili arudi. Anayekugeuza kuwa hukumu juu ya maiti amejipa kazi ambayo Dort na Wesley hawakumpa, na anamfuata Novatian bila kujua. Tena Novatian angalau alisema hukumu ni ya Mungu.

Hayo nilimweleza mama, kwa maneno machache kuliko haya. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba usiku wa mwisho, wodini, kijana alimwomba amsomee Zaburi, naye akamsomea mpaka sauti ikamkauka, kijana akiitikia amina kila zaburi ilipokwisha.

"Mchungaji hakuniuliza habari hiyo," akasema, akajifunga kanga yake vizuri, akarudi kwa wafiwa wenzake.