Gunia Moja Mlangoni

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Mantapala na wa vijiji vya Nchelenge,

Wengi wetu tulivuka mpaka kutoka Pweto na Moba, tukaacha mboga na maua nyuma ya nyumba. Hapa tunalima mahindi na mihogo shambani, lakini mbele ya mlango ni vumbi tu. Ukitaja maua, jirani anauliza: maji yatatoka wapi, na foleni ya bomba ni ndefu hivi? Swali lake ni la haki. Jibu letu leo: panda kinachopendeza macho na kinachoingia sufuriani, na ukimwagilie maji yaliyokwisha kutumika.

(Sauti ya maji yakimiminwa)

Chukua gunia tupu la kilo 50, na kopo kubwa lililokatwa juu na chini. Simamisha kopo katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo. Kulizunguka, weka udongo uliochanganywa na samadi iliyooza: ndoo mbili za udongo kwa ndoo moja ya samadi. Vuta kopo juu, ujaze tena, mpaka gunia lijae. Mawe yatabaki katikati kama uti wa mgongo. Ukimwaga maji hapo, yatafika hadi chini.

Toboa matundu ubavuni, upande miche ya lenga-lenga, ya kijani na ya nyekundu. Sokoni hapa wenyeji wanaiita bondwe. Juu ya gunia panda pilipili au nyanya. Chini, pembeni, panda boga: majani yake ni mboga, maua yake ya njano ni pambo.

Lenga-lenga utaanza kuichuma baada ya wiki nne hivi. Chuma majani, using'oe shina, itachipua tena.

Sasa maji. Maji uliyooshea mboga au mchele yanafaa sana. Ya kunawa mikono, yenye sabuni kidogo, yamwage kwenye mawe, si juu ya majani. Ya kufulia yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo, hapana. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, na ufunike udongo kwa nyasi kavu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, hapo ndipo nyasi hizo zitakusaidia.

Tahadhari mbili. Zungushia fito, maana mbuzi na kuku hawaombi ruhusa. Tena usiache maji yakisimama kwenye makopo: mbu huzaliana humo, na malaria ni nyingi hapa Nchelenge.

Mwisho, acha shina moja la lenga-lenga lizae mbegu. Zikauke, zifunge kwenye karatasi. Nusu mpe yule jirani aliyeuliza habari ya maji. Nusu weka. Siku ya kurudi nyumbani ikifika, mbegu si mzigo.

Hadi kipindi kijacho, kwaherini.

(Muziki wa kufunga)